Kuyeyusha na kuchuja nta kwa sufuria na kanga kuukuu

Masega yaliyokwisha kamuliwa asali yaloweke usiku kucha katika maji ya mvua. Maji yenye chokaa hayafai: nta inakuwa kama sabuni iliyolowa, haitengani na maji.

Tumia sufuria ya alumini. Chuma chenye kutu huifanya nta kuwa ya kahawia. Jaza maji theluthi moja, tia masega, injika kwenye mkaa mchache. Fanya jioni, maana harufu huita nyuki mchana. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Ikizidi 85 rangi huanza kuharibika, kwa hiyo maji yasitokote. Usiondoke jikoni hata kidogo. Ikishika moto, funika kwa mfuniko, usimwagie maji.

Funga kanga iliyochakaa mdomoni mwa ndoo ya plastiki, mimina polepole, kisha watu wawili wenye glavu wasokote kanga hadi makapi yabaki makavu. Kanga mpya ina wanga, huziba.

Kupoza ndiko wengi wanakoharibia, hasa Arusha ya Julai. Baridi ikiikamata nta ghafla, uchafu haupati muda wa kuzama na bonge hupasuka. Funika ndoo, izungushie blanketi, usiiguse hadi asubuhi. Litoe bonge, ligeuze: chini kuna utando laini wa kahawia, kama masalia ya kahawa kikombeni. Ukwangue kwa kisu hadi ufike kwenye njano safi. Madoa yakibaki ndani, yeyusha tena, chuja kwa kitambaa kizito zaidi.