Kurudia dawa za ADHD ukubwani

Mtu aliyeacha dawa za ADHD (hali ya kukosa umakini na kutotulia) akiwa sekondari, leo ana kazi, mkopo wa benki na watoto wawili. Kila anapochelewesha kazi muhimu hujiuliza lilelile: nirudie dawa, au nikaze tu? Swali likiwekwa hivyo halijibiki, maana linadai uamuzi wa maisha yote kwa siku moja. Ligeuze liwe jaribio lenye mwisho: wiki nane, dawa moja, mambo mawili au matatu ya kupima, na sharti la kuacha uliloliandika kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Dozi zilizotajwa humu ni za kukuwezesha kuongea na daktari mkaelewana. Si za kujipimia nyumbani, na vidonge vya zamani vilivyobaki kabatini visiguswe.

Uliacha kwa nini?

Anza hapa, kwa sababu sababu ya kuacha ndiyo inayoonyesha nini kibadilike safari hii. "Hazikunifaa" haimsaidii daktari. Andika dawa ilikuwa ipi, miligramu ngapi, ulikunywa saa ngapi, na nini hasa kilikuchosha.

Kama ulikuwa unakaa kimya kama sanamu, hucheki, marafiki wanakuuliza una nini, mara nyingi dozi ilikuwa kubwa. Dawa ikikaa sawasawa hukuacha ukiwa wewe yuleyule. Kama ulikuwa mzima asubuhi lakini jioni unagombana na nyumba nzima, hapo dawa ilikuwa inaisha kwa kishindo, na tiba yake ni aina inayoachia polepole au dozi ndogo ya mchana. Kama ulikosa usingizi, angalia saa ya kumeza kabla ya kulaumu dawa. Kuna walioacha kwa sababu mzazi au mke alisema hizo ni dawa za wendawazimu, na wengine kwa sababu fedha ziliisha au duka lilikosa dawa. Hao dawa haikuwashinda. Walishindwa na mambo ya pembeni, na yatawashinda tena yasipopangiwa mapema.

Ila kama uliacha kwa sababu ulisikia sauti, uliona watu wanakufuatilia, ulipaa kwa furaha isiyo na kichwa wala miguu ukakaa siku kadhaa bila kulala, au ulizimia, hilo litamkwe dakika ya kwanza ya kumwona daktari. Hubadilisha mpango wote.

Vitu vya kwenda navyo kwa daktari

Unamtafuta daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Nairobi wapo Mathari na kwenye kliniki binafsi. Tanzania anzia Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, au hospitali ya rufaa ya kanda yako. Faili la utotoni likiwa limepotea, usivunjike moyo. Vigezo vinavyotumiwa na madaktari wengi vinataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, na mtu mzima awe na angalau dalili tano katika kundi la kukosa umakini au la utukutu. Kwa hiyo ripoti za shule ya msingi zenye maneno kama "ana uwezo ila hatulii" zina kazi yake. Dada mkubwa au mama anayekumbuka naye ni ushahidi; mwombe aje, au apokee simu.

Kabla ya siku hiyo, pima presha siku saba mfululizo. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, uandike zote mbili pamoja na mapigo. Ukikuta 140/90 au zaidi mara kwa mara, presha hutibiwa kwanza. Kijana wa miaka 15 hakuwa na tatizo hilo, na hii ni sababu mojawapo ya kutorudia dozi yako ya zamani kana kwamba uliiacha jana.

Uliza pia nyumbani kama kuna ndugu wa karibu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa hajafika miaka 40. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, si lazima kwa kila mtu. Huhitajika kukiwa na historia kama hiyo, au ukiwa na maumivu ya kifua, kuzimia ukifanya mazoezi, au mapigo yanayoruka. Taja glakoma (presha ya macho), tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ujauzito uliopo au unaopangwa, na kunyonyesha. Taja na dawa zote nyingine, za hospitali na za mitishamba.

Dawa ipi

Methilifenidati ya kawaida (Ritalin) huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja na kudumu saa tatu hadi nne. Watu wazima huanza na mg 5 mara mbili au tatu kwa siku, kisha hupandishwa kila wiki. Ya kuachia polepole kama Concerta huanza na mg 18, ikapanda kwa mg 18 kila wiki hadi inapotosha, nayo hudumu saa 10 hadi 12. Humezwa nzima, ukiitafuna au kuikata umeharibu mtambo wake. Ganda lake hutoka chooni likiwa zima na hilo halina neno, dawa ilishatoka ndani.

Kitu kimoja ambacho watu hukijua kwa kuumia: kidonge cha kampuni nyingine chenye miligramu zilezile chaweza kuachia dawa kwa mwendo tofauti. Mwaka 2014 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliacha kuzihesabu aina mbili za kuigiza Concerta kuwa zinalingana nayo kikamilifu. Duka likikubadilishia boksi, andika tarehe na jina la kampuni, uone kama saa zako zimehama.

Atomoksetini (Strattera) haimo kwenye kundi la vichangamsho kama methilifenidati, kwa hiyo kuipata ni rahisi kidogo kisheria, na humfaa aliyewahi kuwa na uraibu au anayezidiwa na wasiwasi. Huanza na mg 40 kwa siku, kisha mg 80. Shida yake ni subira: matokeo huja baada ya wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, na kichefuchefu hutangulia. Imeze na chakula cha kushiba. Chai na andazi moja havitoshi. Kwa dawa hii wiki nane huhesabiwa tangu ufike dozi kamili, na haina mapumziko ya wikendi. Mkojo ukiwa mweusi, au macho yakiwa ya njano, acha na uende hospitali.

Walioko Marekani na Uingereza wengi wamezoea lisdeksamfetamini (Vyvanse, Elvanse) inayoanza na mg 30. Anayerudi kuishi Dar es Salaam au Mombasa asitegemee kuikuta. Azungumze na daktari wake kuhamia methilifenidati miezi kadhaa kabla ya kufunga mizigo.

Wiki za kupandisha

Chagua mambo machache yanayoonekana kwa macho. "Niwe na umakini" halipimiki. "Nianze ripoti ya mwezi kabla ya saa nne asubuhi" linapimika, na "nisilipe faini ya kuchelewesha bili" pia. Ongeza ASRS, dodoso la Shirika la Afya Duniani la dalili za ADHD kwa watu wazima, lenye maswali 18. Lijaze kabla ya kuanza na kila mwisho wa wiki. Mpe na mtu mmoja wa nyumbani akuangalie, kwa sababu mwenye dawa huwa wa mwisho kujua kwamba amekuwa mkali.

Ukurasa wa siku moja unaofaa unafanana na huu: "Jumanne, wiki ya 2, mg 36. Nimemeza saa 1:10 asubuhi, uji na mayai mawili. Presha kabla 124/78, mapigo 72. Saa 3:30: 129/81, mapigo 79. Ripoti nimeianza saa 3, nimemaliza saa 5. Mchana vijiko vichache vya wali. Saa 11:30 jioni nimemfokea mtoto kwa kitu kidogo. Usingizi saa 6 usiku."

Isome polepole. Kazi imefanyika, kwa hiyo hakuna haja ya kupandisha dozi. Presha na mapigo vimepanda kidogo, kama inavyotarajiwa. Mapigo yakizidi 120 ukiwa umetulia, hilo ni la kumpigia daktari siku hiyohiyo. Tatizo lipo saa 11:30, takriban saa kumi baada ya kumeza: dawa inaisha, na tumbo halina kitu. Kabla ya kugusa dozi, kula saa 10 jioni, njaa iwepo isiwepo, kisha tazama siku tatu. Wengine huona ule ukali umepungua. Ukibaki, ndipo daktari aongeze dozi ndogo ya alasiri au abadili aina.

Kosa la kawaida katika wiki hizi ni kufukuzia hisia. Siku mbili tatu za kwanza mtu hujisikia ana nguvu za ajabu, hisia hiyo ikipoa anadhani dawa imeisha nguvu na anaomba zaidi. Angalia karatasi: kama ripoti bado inaanza saa 3, dawa inafanya kazi. Dozi ikizidi utajua kwa kusaga meno, kupanga makabati kwa saa mbili huku kazi yenyewe imelala, au kutocheka. Hapo mwambie daktari mrudi hatua moja nyuma.

Maudhi madogo madogo kama kinywa kukauka, kichwa kuuma na hamu ya kula kupungua hutulia mara nyingi ndani ya wiki chache. Staftahi nzito kabla ya kumeza, maji, na uzito kupimwa kila wiki. Maumivu ya kifua, kuzimia, kusikia sauti au mawazo ya kujidhuru hayasubiri miadi: acha dawa na uende hospitali siku hiyo.

Mirungi, kahawa, malaria, na Ramadhani

Mirungi ina kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini. Kuchanganya na methilifenidati ni kumeza vichangamsho viwili, kimoja bila kipimo, na moyo ndio unaobeba. Muguka, aina ya mirungi, ni vilevile. Ukiwa mtafunaji, mwambie daktari ukweli, maana akiona mapigo 110 asijue chanzo atalaumu dawa na kukunyima. Kahawa punguza hadi kikombe kimoja wiki mbili za mwanzo. Vinywaji vya kuongeza nguvu acha kabisa. Pombe na methilifenidati ni hatari ya kimyakimya, kwa kuwa hujihisi umelewa hadi umeshapita kiasi. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini nazo hupandisha presha.

Wanaotumia atomoksetini wakumbuke kuitaja wakiugua malaria. Lumefantrini iliyomo kwenye dawa mseto (ALu) inaweza kuzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja atomoksetini, na zote mbili zinaweza kugusa mwendo wa umeme wa moyo. Malaria lazima itibiwe. Kinachotakiwa ni daktari aamue nini kifanyike kwa siku hizo tatu. Fluoksetini na paroksetini huzuia kimeng'enya hichohicho kwa nguvu, kwa hiyo dozi hupandishwa taratibu zaidi.

Ramadhani si mwezi wa kuanzia jaribio. Kama tayari unatumia, ya kuachia polepole humezwa daku: ya saa 10 alfajiri itakufikisha kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Jioni itabaki bila dawa, basi kazi nzito zisogezwe asubuhi. Kumeza wakati wa kufuturu ni kununua usiku usio na usingizi. Ukikosa maji mwilini mapigo hupanda, kwa hiyo kunywa ya kutosha kati ya futari na daku, na ongea na daktari wiki mbili kabla ya mwezi kuandama.

Cheti, duka na mpaka

Methilifenidati imo katika Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Ndiyo maana cheti hutakiwa upya kila mara na famasia huandika kwenye rejista. Duka la dawa muhimu la mtaani si mahali pake; tafuta famasia kubwa za mjini, uwe na namba za simu za mbili au tatu, na uulize zikiwa zimebaki dozi za siku kumi, si siku ya mwisho. Muulize pia wa bima kabla ya kuanza. Kuacha kwa lazima wiki ya tano kwa sababu ya bei kutakuachia takwimu zisizosema lolote.

Ukisafiri, beba boksi la asili, nakala ya cheti, na barua ya daktari yenye jina la dawa na kiasi cha siku. Kwenda Falme za Kiarabu, omba kibali cha dawa zinazodhibitiwa kwa njia ya mtandao kabla ya safari. Sheria za amfetamini ni kali zaidi Ghuba yote. Usivuke nayo kwa kubahatisha. Japani hawaruhusu Adderall, dawa ya amfetamini, hata kwa cheti.

Wiki ya nane, kaa na daktari na karatasi zako. Kama mambo uliyoyachagua hayajasogea kwenye dozi ya kutosha, jaribu aina nyingine au acha. Methilifenidati kwa dozi za kawaida yaweza kuachwa bila kupunguza taratibu, ingawa siku mbili tatu utajisikia mzito na mwenye usingizi. Kama umekaa nayo muda mrefu, daktari akuangalie mood yako wiki zinazofuata. Vidonge vilivyobaki virudishe famasia, hata kama mdogo wako ana mitihani wiki ijayo na anakuomba viwili tu.