Kuvika ngozi mpini wa fimbo ya pool bila kuacha mwanya kwenye maungio

Fimbo ya pool iliyotengenezwa kwa mkono huvikwa ngozi pale mkono wa nyuma unaposhika, urefu wa sentimita 30 hivi. Ngozi hailali juu ya mbao. Hukaa ndani ya mfereji uliokerezwa kuzunguka mpini, ili kidole kikipita kutoka mbao kwenda ngozi kisigonge popote. Rangi asiyoipenda mchezaji ataizoea. Maungio yaliyoachia, yaani pale kingo mbili ndefu za ngozi zinapokutana, hatayazoea, kwa sababu yamo kiganjani mwake kila anapopiga.

Pima kina cha mfereji kwa kalipa (kifaa cha kupimia kina na unene) kabla ya kununua ngozi. Fimbo iliyokuwa imezungushiwa uzi wa kitani kwa kawaida ina mfereji wa karibu nusu milimita. Uliokerezwa kwa ajili ya ngozi hufika milimita 0.8 au zaidi kidogo. Tafuta ngozi yenye unene sawa na kina hicho. Gundi itaongeza unene kidogo, na kuvutwa na kukandamizwa kutaupunguza. Ngozi ya mbuzi yenye milimita 0.6 hadi 0.8 inafaa sana: ni laini na haigomi kukunjwa. Ya ng'ombe mara nyingi ni nene, kwa hiyo ipunguze upande wa nyama, yaani upande wa ndani wenye nyuzi, kwa msasa namba 120 uliozungushwa kwenye kibao, ukipima sehemu nyingi kadiri unavyoendelea. Ikiwa nyembamba kwa sehemu moja au mbili za kumi ya milimita, bandika kwanza karatasi ya bahasha ya kaki ndani ya mfereji.

Wanaotamani magamba ya kenge wajue kwamba huyo ni mnyamapori. Kuwa na ngozi yake bila kibali kunakuingiza matatani, na kuivusha mpaka kunadai kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori. Ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa ya magamba inatosha kabisa.

Mbali na kipande cha ngozi cha sentimita 33 kwa 12, utahitaji gundi ya viatu ya manjano, wembe mpya (usiopungua miwili), rula ya chuma, teipu ya karatasi ya wapaka rangi, kijiko, wino wa ngozi wa rangi ileile, na tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa kuwa ukanda wa upana wa sentimita 2.

Sasa kipimo, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mpini si bomba. Ni mwembamba juu na mnene chini. Chukua mfano wa mfereji wenye urefu wa milimita 305, kipenyo milimita 27 juu na 31 chini. Mzunguko wake ni karibu milimita 85 juu na 97 chini, kwa hiyo ngozi haiwezi kuwa mstatili. Tena, ukilikunjua umbo hilo mezani, ncha zake mbili si mistari iliyonyooka bali zina upinde mdogo, kama nusu milimita katikati. Ukizikata kwa rula kwa kipimo kamili, pembe zikigusa ukingo wa chini wa mfereji, upande wa pili wa mpini utabaki na mwanya wa nusu milimita. Ni kidogo kukisema, lakini mbao nyeupe ikichungulia hapo kila mtu ataiona.

Kwa hiyo usihesabu, tengeneza kiolezo. Zungushia karatasi kwenye mfereji ikaze, iache ipandane, kisha kata tabaka zote mbili kwa wembe kufuata mstari wa urefu. Utapata upana halisi wa kila sehemu. Vuta ngozi kwa mikono pande zote mbili: upande unaovutika zaidi ndio uzunguke mpini. Kata kingo mbili ndefu sawasawa na kiolezo, lakini kwenye ncha acha milimita 3 za ziada kila upande. Upana wa karatasi unaonekana kupungua kidogo kwa ngozi, kwa kuwa ngozi ina unene wake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mvuto wa milimita mbili hadi tatu ndio utakaoikaza. Unapokata, laza wembe kidogo ili upande wa nyama uwe mwembamba kuliko upande wa uso. Kingo za juu zitakutana kwanza na kuficha maungio. Paka wino kwenye kingo hizo mara moja, kabla ya gundi. Ukisahau utabaki na mstari mweupe, na wino unaopakwa baadaye haushiki penye gundi.

Kwaruza mfereji kwa msasa namba 120, futa vumbi, kisha funika mbao za juu na chini ya mfereji kwa teipu. Chora mistari miwili ya penseli kwa urefu wa mpini, mmoja wa maungio na mwingine upande wa pili kabisa. Paka gundi nyembamba mara moja kwenye mbao na mara mbili kwenye ngozi, maana ngozi hunywa. Subiri dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kidole isivute nyuzi. Gundi mbichi ikifungiwa ndani huleta malengelenge. Wakati unasubiri, pangusa upande wa uso kwa sponji iliyokamuliwa vizuri. Unyevu ukizidi ukafika upande wa nyama, gundi haitashika.

Funika mpini kwa karatasi ya nta, ukiacha wazi mstari wa nyuma tu, ule ulio upande wa pili wa maungio. Bandika mstari wa kati wa ngozi hapo, kisha vuta karatasi kidogo kidogo huku ukikandamiza ngozi kuja mbele, kushoto na kulia kwa zamu. Ukianza na ukingo mmoja na kuzungusha wote, mvuto wote utaishia upande mmoja na maungio yatapinda kama kamba.

Zikibaki sentimita moja moja, usilaze ukingo mmoja kisha kuulazimisha wa pili. Zikutanishe kingo zote mbili hewani, zigusane kama paa la kibanda, kisha kandamiza paa hilo lishuke. Anza katikati ya urefu, halafu katikati ya kila nusu, uende hivyo hadi mwisho. Ngozi iliyovimba ikishuka haina pa kwenda ila kusukuma kingo zibanane. Sugua mstari kwa mgongo wa kijiko.

Kata ncha kwa wembe mpya, ukiuegemeza kwenye ukingo wa mfereji na kuzungusha fimbo badala ya mkono. Toa teipu. Funga plastiki nyembamba juu ya ngozi, kwa sababu mpira mweusi huchafua ngozi nyeupe, kisha zungushia tyubu kwa mkazo wa wastani kutoka mwisho hadi mwisho. Acha usiku kucha.

Maungio yakifunguka siku ya pili au ya tatu, mara nyingi ngozi ililowa ikanywea ilipokauka, au ulikata ikiwa imepungua mno. Mwanya mdogo kuliko unene wa karatasi hufungwa kwa maji kidogo na kijiko. Ukizidi hapo, vua yote uanze upya. Usijaze gundi kali ya matone: hukauka ngumu kama kucha na kukwaruza kiganja.

Mwisho paka nta ya nyuki kidogo, sugua kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae. Achana na kiwi cha viatu, kitahamia mikononi. Mpe mchezaji fimbo baada ya saa 24, na mwambie asiiache ndani ya gari juani: joto hulegeza gundi hii, na kinachoachia kwanza ni maungio.