Kurekebisha Manifoldi Asilia ya Injini ya Rota Yenye Kabureta

Katika injini ya Mazda 12A, inayotumia rota badala ya pistoni, manifoldi ndiyo kipande cha chuma kinachopeleka mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi kwenye injini. Kabureta yake ina koo nne, yaani njia nne za mchanganyiko huo: koo mbili za kwanza hulisha matundu ya bamba la katikati la injini, na zile za pili hulisha matundu ya mabamba ya pembeni. Kwa hiyo, usiondoe chuma chochote kwenye manifoldi kabla ya kutambua njia ipi inakwenda wapi.

Mwaga kwanza maji ya kupozea, kwa kuwa yanapita pia ndani ya manifoldi, kisha ifungue na uisafishe. Weka gasketi mpya juu ya uso wake, uchore mipaka ya matundu, halafu usage taratibu mpaka mdomo wa kila njia ulingane na tundu la injini. Ondoa kingo na vinundu vilivyoachwa na kalibu, lakini usikaribie njia ya maji, ambayo ukuta wake ukitobolewa manifoldi haifai tena. Wengi hung'arisha njia hizo kama kioo. Binafsi naona ni kazi bure, maana uso wenye mkwaruzo kidogo husaidia petroli isijikusanye ukutani.

Ioshe mara kadhaa, kwani chembe moja ya chuma yaweza kuharibu sili za ncha za rota, yaani vipande vinavyoziba mwanya kati ya rota na ukuta wa injini. Hakikisha kwa rula ya chuma kwamba uso umenyooka, uifunge manifoldi kwa gasketi na oringi (pete za mpira) mpya, kisha urekebishe kabureta upya.