Kulainisha na kutunza bloa ya rota: oili, grisi, filta na mikanda

Bloa ya rota, yaani mashine ya kusukuma hewa, haitakiwi kuwa na oili hata tone moja kule inakopita hewa. Ndani ya bodi kuna rota mbili, za mabawa mawili kama namba nane au za mabawa matatu, zinazozunguka zikipishana bila kugusana. Nafasi kati yao, na kati yao na bodi, ni sehemu ndogo tu ya milimita. Kinacholinda nafasi hiyo ni gia za taimingi, zinazofanya rota zizunguke kwa mpangilio, upande mmoja na beringi pande zote mbili. Oili na grisi zinakaa huko pembeni, kwenye masanduku madogo yanayobeba lita chache tu. Beringi ikilegea au meno ya gia yakilika, rota zinagongana, na chuma cha kusubu hakipindi: kinapasuka. Mashine ya aina hii ilipewa hataza Marekani mwaka 1860 na ndugu wawili wa familia ya Roots wa mji wa Connersville. Jina lao bado linatumika karakanani, na namna inavyokufa haijabadilika.

Maelezo haya ni ya bloa inayosukuma hewa kwenye kiwanda cha unga, cha saruji au bwawa la majitaka. Kitabu cha mashine yako kikitaja kipimo tofauti na cha hapa, fuata kitabu.

Hatua ya 1: Zima, funga, toa presha

Zima mota, funga swichi kuu kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Kisha toa presha iliyobaki kwenye bomba la kutolea. Hili mafundi hulisahau: vali ya kuzuia hewa isirudi ikivuja, hewa ya upande wa mzigo inarudi nyuma na kuzungusha rota kinyume, hata umeme ukiwa umekatwa. Usiingize mkono penye rota wala puli kabla hujahakikisha geji inasoma sifuri na shafti imetulia kabisa.

Hatua ya 2: Chagua oili kwa kuangalia joto

Weka kipimajoto kwenye bomba la kutolea, karibu na bloa. Mashine inayovuta hewa ya nyuzi joto 32, kama ilivyo Dar es Salaam au Mombasa, na kuisukuma kwa presha ya bar 0.6, itaitoa hewa hiyo ikiwa na nyuzi 100 hivi. Kwa kazi ya namna hiyo oili ya ISO VG 220 (namba inaonyesha uzito wa oili) ndiyo ya kawaida. Joto likizidi hapo, watengenezaji wengi wanataka VG 320. Oili iwe na viungo vya kuzuia kutu, povu na kuungua.

Usitumie oili ya injini. Sabuni iliyomo ndani yake inashikilia maji badala ya kuyaacha yatuame chini, ambako ungeyamwaga. Usitumie pia oili ya difu ya gari ya GL-5: salfa yake kwenye joto kali inakula shaba ya kwenye vizimba vya beringi, yaani fremu zinazoshikilia viviringo vyake. Na usichanganye oili ya sintetiki na ya madini kwa sababu tu rangi zinafanana.

Muda wa kubadilisha: bloa mpya au iliyofunguliwa, mwaga oili ya kwanza baada ya saa 100, maana inabeba vumbi la chuma la gia zinazozoeana. Baada ya hapo, oili ya madini ni kila saa 1000. Kwa mashine isiyozimwa hizo ni siku 42 tu, kwa hiyo hesabu saa, usingoje mwisho wa robo mwaka. Ya sintetiki hufika saa 4000 na zaidi, kama haijapikwa. Oili inayofanya kazi kwa joto la nyuzi 10 zaidi hupoteza karibu nusu ya umri wake.

Hatua ya 3: Mwaga oili ya zamani na uisome

Mwaga ikiwa bado ina uvuguvugu; ikipoa, uchafu unabaki umeganda chini. Pangusa kwanza kandokando ya plagi zote. Fungua plagi ya juu, kisha ya chini, na uikinge oili kwenye chombo cheupe. Sasa iangalie juani.

Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mashine inapata moto kupita kiasi na kubadilisha oili peke yake hakutakusaidia. Paka tone kati ya vidole: ukiona chembe za rangi ya dhahabu, kizimba cha beringi kinalika. Chembe za fedha zinazonaswa na sumaku zinatoka kwenye gia au kwenye beringi yenyewe. Unga laini kidogo kwenye plagi si ajabu, lakini vipande unavyoweza kuvihisi kwa ukucha ni sababu ya kutowasha mashine mpaka sanduku lifunguliwe.

Usisafishe ndani kwa mafuta ya taa. Yanayobaki kwenye kona yanapunguza uzito wa oili mpya, na gia zinaanza kazi zikiwa hazina utando wa kutosha. Suuza kwa oili ileile utakayotumia, nusu lita au chini ya hapo, kisha imwage.

Hatua ya 4: Jaza mpaka katikati ya kioo, basi

Hapa ndipo bloa nyingi zinapoharibiwa na mtu mwenye nia njema. Kipimo cha oili kinasomwa mashine ikiwa imesimama, na kwenye msingi ulionyooka. Mimina polepole, kwa sababu VG 220 ni nzito na inachukua muda kutulia. Simama ikifika katikati ya kioo cha kuonyesha kiwango cha oili. Kama badala ya kioo kuna plagi ya pembeni, jaza mpaka ianze kudondoka hapo, ngoja iache kudondoka, ndipo ufunge. Washa dakika 20 bila mzigo, zima, ngoja dakika 15, kisha angalia tena.

Mashine ikiwa kwenye mwendo, kisahani cha kurushia oili kinaichota na kuisambaza, kwa hiyo kwenye kioo itaonekana imeshuka, au imejaa povu. Mwendeshaji anayeongeza oili wakati huo anaijaza kupita kiasi kila zamu. Oili ikizidi, kisahani kinaipiga kama mtu anayekoroga yai: inatoa povu, inapata moto, na inatafuta njia kupitia sili hadi chumba cha hewa. Kwenye unga, umeharibu chakula. Kwenye saruji, oili inashikana na vumbi na kujenga ganda juu ya rota mpaka nafasi inaisha. Kwenye majitaka, oili inafika kwenye vifaa vya mpira vinavyotoa viputo vya hewa kule bwawani na kuviharibu.

Kioo chenyewe kioshe. Kioo chenye doa la zamani huonyesha kiwango ambacho hakipo. Tikisa kidogo kifuniko cha kupumulia na ukisafishe pia: kikiziba, presha ndani ya sanduku inasukuma oili nje ya sili nzima, nawe utabadilisha sili isiyo na kosa.

Kisha chungulia chini ya bodi, kati ya sanduku na chumba cha hewa. Kuna vitundu vidogo vya kutolea mvujo, na mara nyingi vimepakwa rangi na kuzibwa. Vizibue. Oili ikidondoka pale, sili ya oili imechoka. Hewa ya moto ikipuliza pale, ni sili ya upande wa hewa. Kitundu kilichozibwa kinakunyima habari hiyo, na oili inayovuja haina pa kwenda ila kwenye rota.

Hatua ya 5: Grisi kwa gramu

Kama beringi za upande wa puli zinatumia grisi, usipige pampu mpaka itoke huku na huku. Tumia hesabu hii: gramu = 0.005 × kipenyo cha nje cha beringi × upana wake, vyote kwa milimita. Beringi ya kipenyo cha mm 110 na upana wa mm 27 inataka 0.005 × 110 × 27, yaani karibu gramu 15.

Pampu yako inatoa gramu ngapi? Piga mara 10 juu ya karatasi, pima kwenye mizani, gawa kwa 10, kisha andika jibu kwa rangi kwenye mpini wa pampu. Pangusa nipeli kabla ya kupiga, fungua tundu la kutolea grisi ya zamani, na piga taratibu. Grisi ya lithiamu namba 2 inafaa mashine nyingi, ila usiiweke juu ya grisi ya poliurea: zikichanganyika zinaweza kulegea na kutiririka.

Hatua ya 6: Filta na mikanda

Filta iliyoziba ni chanzo cha joto ambacho watu hawakishuku. Ikikaba kiasi cha bar 0.05 kwenye mfano wa Hatua ya 2, joto la kutolea linapanda nyuzi 8 au 9 bila mzigo kubadilika. Weka geji inayoonyesha filta inakaba kiasi gani, na ubadilishe filta kwa kusoma geji hiyo. Kuipuliza kwa kompresa kunatoboa karatasi, na vumbi linaingia moja kwa moja kwenye rota.

Mikanda: sukuma katikati ya mkanda kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, ushuke milimita 16 kwa kila mita ya umbali kati ya puli. Mkanda mpya ukaze tena baada ya saa 24. Uliokazwa kupita kiasi unaua beringi ya upande wa puli, na fundi anaishia kulaumu grisi. Nyoosha puli kwa uzi uguse nyuso zote mbili, na badilisha seti nzima, si mkanda mmoja.

Bloa ya akiba

Zungusha shafti kwa mkono kila wiki, mizunguko michache na robo. Ile robo ni ili shafti isipumzike mahali palepale na viviringo vya beringi visichimbe alama. Ziba midomo ya hewa ili unyevu usiingize kutu kwenye rota. Na siku ya kuiwasha, izungushe kwanza kwa mkono ukisikiliza: mkwaruzo wowote, hata mdogo, unamaanisha kufuli inabaki kwenye swichi mpaka umepima nafasi za rota kwa fila geji, yaani vibapa vyembamba vya kupimia nafasi.