Namna ya kuujaribu wino wa buluu kabla ya kuupa kalamu yako

Wino wa buluu ukiwa ndani ya chupa huonekana karibu mweusi, uwe wa samawati au wa nili, kwa hiyo mtu anayeuchagua kwa kuitazama chupa huwa anachagua giza. Rangi iliyochapwa kwenye kasha nayo haisaidii sana, kwa sababu imechapwa kwa wino wa mashine ya uchapaji ambao hauna uhusiano wowote na ule uliomo ndani. Namna ya kuujua wino ni kuuandikia, tena kwa kalamu ile ile na karatasi ile ile utakazozitumia kila siku, na kwa siku kadhaa badala ya dakika kumi za furaha ya chupa mpya. Maelezo yanayofuata yanahusu kalamu ya wino ya kujaza, ile yenye nibu ya chuma au dhahabu iliyopasuliwa katikati, wala hayahusu biro.

Kabla ya kufungua kizibo, soma kasha ujue wino wako ni wa aina gani, maana hapo ndipo majaribio mengine yote yanapopata maana. Wino mwingi wa buluu ni rangi iliyoyeyushwa majini, na hiyo ndiyo aina isiyoisumbua kalamu, kwa kuwa ikikauka ndani huyeyuka tena kwa maji matupu. Aina ya pili ni wino wa chuma, unaotengenezwa kwa chumvi ya chuma na asidi ya taniki ambayo zamani ilitolewa katika vivimbe vya mti wa mwaloni. Wino huo hutoka kwenye nibu ukiwa na buluu iliyotiwa makusudi ili mwandishi aone anachokiandika, kisha chuma kinapokutana na hewa maandishi hugeuka kuwa meusi na kushikamana na nyuzi za karatasi. Ndiyo asili ya jina la buluu-nyeusi, ingawa siku hizi wino mwingi wenye jina hilo hauna chuma hata chembe. Aina ya tatu ni wino wa pigmenti, yaani chembechembe ndogo sana za rangi zinazoelea majini bila kuyeyuka, na huu ukikauka ndani ya kalamu hautoki kirahisi. Nikiwa na wino wa aina ya pili au ya tatu, siutii katika kalamu ninayoipenda mpaka uwe umekaa kwanza katika kalamu ya bei nafuu inayofunguka yote.

Vitu vinavyohitajika ni vichache. Tafuta kalamu moja safi yenye nibu ya wastani unayoijua tabia yake, wino mwingine wa buluu wa kulinganishia, vijiti vya pamba, saa, kifaa cha kudondoshea matone au bomba la sindano lisilo na sindano, na karatasi za aina tatu. Wa kulinganishia mimi hutumia Waterman Serenity Blue, ambao hapo zamani uliitwa Florida Blue, kwa sababu hutiririka vizuri na hauna vituko. Mwingine anaweza kutumia Pelikan 4001 Royal Blue, mradi akumbuke kwamba huo huhesabiwa na watumiaji wengi kuwa mkavu kiasi, na wino wowote ukiwekwa kando yake utaonekana unatiririka sana. Kwa upande wa karatasi, chukua ile ya kawaida ya mashine ya kunakilia yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, daftari unaloandikia kila siku, na karatasi moja laini isiyonyonya haraka, kama vile Rhodia au Tomoe River. Usishawishike kufanya jaribio zima kwenye hiyo ya mwisho. Wino karibu wote hupendeza juu yake, na ndiyo maana picha za wino unazoziona hupigwa juu yake.

Osha kalamu kwa maji ya uvuguvugu mpaka yatoke meupe, kisha isimamishe nibu ikitazama chini juu ya kitambaa kwa usiku mmoja. Watu wengi huruka hatua hii ya kukausha, na maji yanayobaki katika kipande cha chini ya nibu, kile chenye mifereji myembamba inayopeleka wino, huuzimua wino mpya na kuufanya uonekane umepauka. Usiichovye kalamu moja kwa moja ndani ya chupa kama huna hakika na usafi wake. Mimina kiasi kidogo katika kichupa kingine, na kinachobaki usikirudishe. Mililita 2 zinatosha kabisa, kwa kuwa katriji fupi ya kawaida, yaani kibomba cha wino kinachochomekwa ndani ya kalamu, hubeba chini ya mililita 1. Wala usiuongeze wino mpya juu ya mabaki ya wa zamani. Wino mbili za buluu zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na kemia zinazogombana, na zikikutana huweza kuganda kuwa uji ndani ya mifereji hiyo.

Anza na kijiti cha pamba. Chovya, paka mstari mpana juu ya kila karatasi, rudia nusu ya mstari huo mara ya pili na robo yake mara ya tatu, kisha uache ukauke kabisa bila kupuliza. Hapo utaona ni jinsi gani rangi inakolea inapokusanyika, lakini usiichukulie kuwa ndiyo rangi ya maandishi yako, kwa kuwa kijiti humwaga wino mwingi kuliko nibu yoyote. Kasoro hiyo hiyo inayo kalamu ya kuchovya na ile ya kioo: zote mbili huonyesha wino ukiwa umeshiba kupita kawaida.

Sasa jaza kalamu na uandike ukurasa mzima, maneno ya kweli na si mikwaruzo, halafu uisahau ile mistari mitano ya mwanzo. Soma kuanzia katikati ya ukurasa, mahali ambapo mtiririko umetulia. Inamisha uso karibu na karatasi uitazame herufi moja tu, tuseme «m» iliyoandikwa kwa kuunganisha. Pale kalamu ilipotua pana kidoa kidogo kilichokolea, kwenye mapinda ya juu rangi imekuwa nyepesi kwa sababu mkono ulikwenda kasi, na mwisho wa herufi, kabla ya kuinua nibu, wino umejikusanya tena ukawa mzito. Tofauti hiyo ya kukolea ndani ya herufi moja ndiyo inayoyapa uhai maandishi ya kalamu ya wino, na wino wa buluu huionyesha vizuri kuliko mweusi. Ukiinamisha karatasi kuelekea dirishani, huenda ukaona pia kwenye kingo za mistari mng'ao mwekundu kama wa shaba: ni rangi iliyozidi, isiyopata nafasi ya kuzama katika karatasi, ikakauka juu yake. Unavutia macho, lakini wino wenye mng'ao mwingi huchukua muda mrefu kukauka na unaweza kuchafua kidole hata siku za baadaye.

Itazame rangi hiyo mchana karibu na dirisha, kisha usiku chini ya taa. Buluu iliyoegemea zambarau na ile iliyoegemea kijani huweza kukaribiana chini ya taa ya manjano na kuachana kabisa mchana. Lugha yetu inatusaidia hapa, kwa maana tuna samawati kwa kilicho chepesi kama anga na nili kwa kile kizito cha rangi ya nguo, na ni bora kuandika neno mojawapo kando ya jaribio kuliko kutegemea picha ya simu. Kamera nyingi hazielewani na buluu yenye zambarau ndani yake.

Muda wa kukauka hupimwa kwa saa na si kwa hisia. Andika mstari mmoja, hesabu sekunde 5, pitisha kidole kilicho kikavu juu ya neno la mwisho; rudia kwa mistari mingine ukihesabu 10, 15, 20 na 30. Andika idadi ya sekunde kando ya kila mstari, ufanye hivyo kwenye karatasi zote tatu, na usishangae ukikuta karatasi laini inachukua muda mara kadhaa zaidi ya ile ya kunakilia. Anayeandika kwa mkono wa kushoto ulitilie jaribio hili uzito kuliko mengine yote, kwa sababu kiganja chake hupita juu ya neno kabla halijakauka. Tangu mwaka 1931 kampuni ya Parker iliuza wino kwa hoja hii, ikauita Quink kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la haraka na la wino.

Kusambaa na kupenya havihitaji maelezo marefu. Geuza karatasi uone kama wino umetokea upande wa pili kwa vitone, na kwenye upande wa mbele tazama kama mistari imeota ndevu kwa kufuata nyuzi za karatasi. Kama ndevu zimeota kwenye karatasi ya kunakilia pekee, lawama ni ya karatasi; zikiota hata kwenye daftari lako zuri, na wino wa kulinganishia haukufanya hivyo, basi ni wino.

Jaribio la maji ndilo ninalolisisitiza, kwa kuwa lilinigharimu. Nilipata kutia saini fomu kwa wino mzuri wa buluu unaofulika, nikaweka glasi yenye majimaji pembeni ya ukurasa, na nilipoiinua nilikuta duara la rangi ya anga mahali lilipokuwa jina langu, na ndani ya duara hilo hapakuwa na herufi hata moja. Kwa hiyo chora miraba midogo kwa kalamu, iache kwa siku nzima, kisha dondoshea tone moja la maji, subiri dakika moja, na ukaushe kwa karatasi ya kunyonyea. Mraba wa pili uweke chini ya maji ya bomba yanayotiririka. Wino wa pigmenti utabaki karibu kama ulivyokuwa, wa chuma utapoteza buluu yake ubaki na mistari ya kijivu inayosomeka, na wa kawaida utaacha kivuli au usiache kitu. Hiyo si kasoro kwa kila mtu: wino kama Pelikan Royal Blue hupendwa katika shule za Ujerumani hasa kwa sababu unafutika. Kalamu ya kufutia haiondoi rangi kwenye karatasi, bali huibadilisha kemikali yake mpaka isionekane. Wino wa namna hiyo ni mzuri kwa rasimu na daftari la mwanafunzi, na haufai hati yoyote ambayo mtu mwingine angependa kuibadilisha.

Kwa mwanga, funika nusu ya maandishi kwa kadi nene, ubandike karatasi kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, na uiangalie baada ya wiki mbili na tena baada ya nne. Buluu nyingi za kuyeyuka hupauka, na baadhi hubadilika kuwa kijivu.

Ukipenda kuona kilichomo ndani, kata utepe wa karatasi ya chujio la kahawa, weka kitone cha wino sentimita 2 juu ya ncha, uitumbukize ncha hiyo majini bila kukigusa kitone, na uyatazame maji yakipanda. Buluu uliyodhani ni moja itajigawa: waridi hapa, samawati pale, kila rangi ikisimama mahali pake kulingana na inavyoshikamana na karatasi. Jaribio hili halisemi kama wino ni mzuri, lakini hueleza kwa nini ule uliolowa maji ulibaki na doa la rangi tofauti.

Baada ya hapo, acha kalamu iishi na wino huo. Iache bila kifuniko kwa dakika 1, 3, kisha 5, na kila mara andika mstari mmoja uone kama unaanza papo hapo au unakwaruza kwanza. Ifunike na uiache kwa siku tatu, halafu kwa wiki. Maji huvukiza polepole hata kalamu ikiwa imefunikwa, kwa hiyo wino wa wiki iliyopita huwa umekolea kuliko ulivyokuwa ulipojazwa, na wapo wanaopenda rangi ya siku ya saba kuliko ya siku ya kwanza. Ikiwa mwandiko umekuwa mwembamba siku baada ya siku, usiulaumu wino kabla hujaiosha kalamu na kuujaza ule wa kulinganishia. Mara nyingi utagundua ni nibu iliyonasa unyuzi wa karatasi.

Kuosha ni sehemu ya jaribio, na mimi huhesabu ni mara ngapi ninajaza na kumwaga maji kabla hayajawa meupe. Tumia maji ya uvuguvugu, yasiyo ya moto, na pasipo spiriti, ambayo huweza kuharibu plastiki za baadhi ya kalamu. Kama rangi inang'ang'ania, tia matone machache ya sabuni ya vyombo katika maji hayo, uache kwa saa chache, kisha suuza vizuri. Mwisho inua bomba la kuvutia wino mbele ya karatasi nyeupe uone kama limebaki na buluu kwenye kuta zake. Kwenye ukurasa wa majaribio andika tarehe, kalamu, nibu, karatasi na idadi ya mara ulizosuuza, na uache nafasi ya mstari mmoja chini kwa ajili ya siku utakapoiondoa karatasi ya dirishani.