Nyumba Iliyoshindwa na Mkopo: Namna ya Kuitambua Mapema na Kutoa Bei ya Chini Inayosimama

Wanachama wa Nakuru na Kisumu wameniuliza mara nyingi ninavyozipata nyumba ambazo benki zinataka kuziuza ili zirejeshe mikopo yao, na namna ya kutaja bei ya chini bila kuchekwa wala kushtakiwa. Kabla ya hatua zenyewe, niseme jambo ambalo dalali hatakuambia: nyumba nafuu isiyo na kesi ni nadra kuipata chini ya nyundo ya mnada. Mara nyingi huipata kwa mwenyewe, wiki kadhaa kabla nyundo haijainuliwa.

Hatua ya kwanza: hesabu siku

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 haimruhusu mkopeshaji kukurupuka. Mkopaji akikaa mwezi mzima bila kulipa, benki humpa notisi ya muda usiopungua miezi 3. Akishindwa tena, hupewa notisi ya siku 40 ya kusudio la kuuza, kisha dalali wa mnada naye humpa siku 45 za kuikomboa mali yake. Hapo ndipo tangazo hutoka gazetini, na mnada haufanyiki kabla siku 14 hazijapita tangu tangazo la kwanza. Kwa hiyo, anayelisubiri tangazo amefika mwishoni mwa safari ya zaidi ya nusu mwaka, tena amefika pamoja na umati.

Asiyesubiri huzungumza na watu. Mawakili wa mjini, mawakala wa nyumba na walinzi wa mageti husikia mapema kwamba mwenye nyumba fulani anahangaika. Nyumba nayo husema. Huko Kiamunyi niliwahi kuona nyumba ya ghorofa ambayo orofa yake ya juu haikuwa na madirisha, nondo zimeota kutu na kokoto zimefunikwa na majani, lakini chini kuna pazia safi na nguo za shule kwenye kamba. Ujenzi uliosimama ghafla namna hiyo mara nyingi ni mkopo uliosimama. Si ushahidi, ni sababu tu ya kwenda hatua ya pili.

Hatua ya pili: fanya sachi

Chukua nambari ya hatimiliki na uombe upekuzi rasmi wa rejista, ule tunaouita sachi. Utaonyeshwa jina la mwenye ardhi, rehani iliyosajiliwa na benki inayoishikilia, pamoja na zuio lolote lililowekwa. Ukiona zaidi ya rehani moja, ujue wanaodai ni wengi na kila mmoja atataka kusikilizwa. Uliza pia kwenye kaunti deni la reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, maana nimeona reti za miaka mingi zikimla mnunuzi faida yote aliyodhani ameipata.

Hatua ya tatu: nenda ukaione

Tangazo likisema nyumba ina vyumba vitatu, wewe nenda ukavihesabu. Hapa Nakuru, angalia nyufa zinazopanda ukuta kwa mshazari, kwa kuwa mji umekaa juu ya ardhi ya Bonde la Ufa, na upande wa Mwariki na Barut uliza maji ya ziwa yalifika wapi yalipopanda. Kisumu, uliza habari za mafuriko na za udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ukapasua na msingi.

Muhimu zaidi ni kumjua anayeishi ndani. Nyumba yangu ya kwanza ya mnada ilikuwa Lanet, nami niliipita kwa gari tu, bila hata kushuka. Nililipa robo ya bei siku ya mnada. Siku iliyofuata nilipokwenda kujitambulisha, nilimkuta mama akimwagilia sukuma wiki nyuma ya jiko. Alinisikiliza, akaiweka ndoo chini, akaniambia kwa upole kwamba yeye hajawahi kutia sahihi karatasi yoyote ya benki. Alikwenda mahakamani, na pesa zangu zikalala miezi 14. Sikumlaumu, ningebisha hodi siku moja mapema, ningejua.

Hatua ya nne: tafuta sakafu ya bei

Wengi hudhani kadiri bei inavyoshuka ndivyo mnunuzi anavyofaidi. Sheria inamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayoweza kupatikana, na nyumba ifanyiwe tathmini ya mauzo ya lazima, yaani makadirio ya bei ambayo ingepata ikiuzwa kwa kulazimishwa, kabla ya kuuzwa. Ikiwa nyumba imeuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria huchukulia kwamba benki imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kuiomba mahakama iyabatilishe mauzo. Tuseme nyumba ya Milimani ina thamani ya shilingi 8,000,000 sokoni. Robo yake ni 2,000,000, kwa hiyo sakafu ni 6,000,000, na ofa yenye akili hukaa juu kidogo ya hapo. Ukishangilia kuipata kwa 4,500,000, huenda umenunua kesi yenye paa la mabati. Juu ya bei weka ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, ada ya wakili na marekebisho.

Usitumie thamani uliyoambiwa na dalali. Mlipe mthamini wako aliyesajiliwa.

Hatua ya tano: toa bei kwa mwenyewe

Benki yenyewe ikiuza kwa mapatano ya faragha, sheria inaitaka iuze kwa bei ya soko. Kwa hiyo kuipelekea barua ya bei ya kutupa ni kupoteza wino. Lakini mwenye nyumba akiuza kwa hiari yake, kwa idhini ya benki, bei ni makubaliano yenu wawili, mradi deni lilipwe. Naye ana sababu ya kukubali: deni linakua kwa riba kila mwezi, gharama za dalali zinamngoja, na mnadani huenda asibakiwe na kitu.

Mwendee kwa heshima, ikiwezekana pamoja na mtu anayemfahamu, na mkae na mwenzi wake pia. Mwombe barua ya benki inayoonyesha deni lililobaki. Ikiwa ni shilingi 5,100,000 na wewe unatoa 6,300,000, mwonyeshe kwenye karatasi kwamba ataondoka na 1,200,000 mkononi na siku 60 za kuhama. Senti yoyote usimpe mkononi. Pesa zipite kwa mawakili, benki ilipwe kwanza na iiondoe rehani, na kinachosalia kimfikie yeye.

Maswali ya wanachama

Mwalimu mmoja wa Njoro anauliza: Je, nikishinda mnadani nitapewa muda gani wa kulipa?

Mwalimu, masharti ya mnada ndiyo yanayotawala, na dalali hukupa ukiyaomba. Kwa kawaida hulipwa asilimia 25 nyundo inapogonga, na salio ndani ya siku 90. Ukishindwa, ile robo inaweza kupotea. Ikiwa unategemea mkopo wa sacco, pata barua ya kukubaliwa kabla hujainua mkono.

Dada wa Migosi anauliza: Nitajuaje kama mke au mume alikubali nyumba iwekwe rehani?

Dada yangu, kwa nyumba ya ndoa, rehani haina nguvu bila sahihi au ridhaa ya mwenzi. Mwagize wakili wako aiombe nakala ya ridhaa hiyo kwa benki. Wakisitasita kuitoa, nawe jizuie kununua.

Mzee wa Kakamega anauliza: Nimelipa kila kitu, lakini wenyewe wamekataa kutoka. Niende na vijana?

Mzee wangu, hapana. Masharti mengi ya mnada hayakuahidi nyumba tupu, na wewe uliyatia sahihi. Mpe anayeishi humo notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3, nakala ziende kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo, kisha upate amri ya mahakama akiendelea kukaa. Mimi huweka gharama ya miezi hiyo ndani ya bei tangu mwanzo.

Kijana wa Nyalenda anauliza: Mnada uliahirishwa mara mbili. Je, benki sasa italegeza bei?

Inategemea kilichouahirisha. Ikiwa mnada ulikosa wanunuzi, bei iliyowekwa huenda ilikuwa juu, na tathmini yake ikizidi miezi 12 benki italazimika kufanya nyingine, pengine ya chini zaidi. Lakini ikiwa mnada ulisimamishwa kwa amri ya mahakama, nenda kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo Kisumu ukalisome faili kwanza, halafu uniletee alichokiandika mkopaji kwenye kiapo chake tuhesabu pamoja.