Gari Linapopiga Hodi: Jinsi ya Kuishi na Ufunguo wa Rimoti Hapa Nairobi

Simu iliingia saa tatu kasoro usiku. Mama mmoja mteja wangu alikuwa kando ya barabara pale Pangani, mtoto amelala kiti cha nyuma, na gari limekataa kuwaka.

"Fundi, rimoti ninayo mkononi, lakini gari inaniambia sina ufunguo."

"Mama, gia iko P, ile ya kuegesha?"

"Iko."

"Kanyaga breki usiachie. Chukua rimoti, ule upande wenye nembo ya Toyota uubandike kwenye kitufe cha kuwashia. Usibonyeze kwanza. Shikilia hapo mpaka usikie mlio."

Mlio niliusikia mwenyewe kwenye simu. Nikamwambia abonyeze sasa hivi, asikawie. Gari likawaka. Tulizungumza kama dakika mbili tu, lakini kabla ya kunipigia alikuwa ameshakaa gizani nusu saa nzima na mtoto.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari, nafanyia kazi Ngara. Simu za aina hii napokea mara kwa mara, na inaniuma kila mara, kwa sababu dawa huwa iko mkononi mwa mwenye gari. Basi naandika haya uyajaribu mchana, gari likiwa nyumbani, kabla hayajakupata barabarani.

Rimoti ya gari linalowashwa kwa kitufe ni redio ndogo. Ukishika kishikio cha mlango au ukibonyeza kitufe cha kuwashia, gari hupiga hodi kwa mawimbi dhaifu yanayofika karibu mita moja tu. Rimoti ikisikia, inaitika kwa mawimbi mengine yenye nguvu zaidi, na gari linajua mwenyewe amefika. Betri ya rimoti ikiisha, hodi inapigwa na hakuna wa kuitika. Lakini humo ndani mna chipu nyingine isiyohitaji betri. Ukiibandika kwenye kitufe, inapata umeme kutoka kwenye gari lenyewe, sawasawa na kadi unayogusisha kwenye mashine ya geti la ofisi. Ndicho kilichomwokoa yule mama. Honda ni vilevile, nembo ya H ndiyo inayogusa kitufe. Mazda hutaka mgongo wa rimoti. Baadhi ya Nissan za zamani zina tundu la kuchomeka rimoti, litafute karibu na usukani.

Na mlango je? Ndani ya rimoti mna ufunguo wa chuma. Kuna kidude kidogo cha kusukuma, kisha unauvuta. Tundu lake liko mlango wa dereva, na kwenye magari mengine limefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki mwishoni mwa kishikio. Tafadhali ujaribu leo. Nimeshakuta matundu yaliyojaa vumbi gumu kwa sababu hayajawahi kuingizwa ufunguo tangu gari lishuke Mombasa. King'ora kikilia ukifungua kwa chuma, usishtuke, washa gari kitanyamaza.

Betri huwa haifi ghafla, gari hutoa onyo mapema. Shida yetu ni kwamba mengi ya magari haya yametoka Japani, na dashibodi inaandika Kijapani. Watu wanazoea kuyapuuza maandishi hayo. Usipuuze picha: ukiona mchoro wa ufunguo na betri kando yake, badilisha betri wiki hiyo hiyo. Ukianza kusogea karibu zaidi ndipo mlango ufunguke, hiyo nayo ni dalili.

Sasa wezi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mimi mwenyewe niliibiwa begi la vifaa vya kupimia kwenye maegesho ya duka moja kubwa upande wa barabara ya Thika. Nilibonyeza rimoti huku nikitembea, nimegeuka, naangalia simu. Niliporudi, kioo kizima, kitasa kizima, begi hakuna. Mwizi akiwa karibu, ameshika kifaa kinachopiga kelele kwenye mawimbi yale yale ya rimoti yako, gari halisikii amri ya kufunga. Unaondoka ukijua umefunga kumbe mlango uko wazi. Tangu siku ile siondoki mpaka nione indiketa zimemweka. Kwenye Toyota nyingi humweka mara moja zikifunga na mara mbili zikifungua. Kama vioo vya pembeni vya gari lako hujikunja likifungwa, vitazame hivyo, vinaonekana hata jua likiwa kali. Rimoti ikishindwa, tumia ule ufunguo wa chuma. Ukiona gari limekataa kufunga kabisa mahali penye watu wanaozubaa bila kazi, toa mizigo au hama.

Kuna kosa moja la watu waangalifu. Wakishafunga, wanarudi kuvuta kishikio wahakikishe. Lakini rimoti iko mfukoni! Gari linapiga hodi, rimoti inaitika, mlango unafunguka, na wanaanza kuamini kitasa kimeharibika. Toyota hukupa sekunde chache tu baada ya kufunga ambapo unaweza kuvuta bila kufungua. Zikipita, mwachie mtu rimoti, asimame hatua tano nyuma, ndipo uvute.

Nyumbani, swali ni unaiweka wapi. Wengi wana ndoano ukutani kando ya mlango, na gari limeegeshwa hapo hapo nje ya dirisha. Kama rimoti iko ndani ya ile mita moja, anayepita nje anaweza kufungua kwa kushika kishikio tu. Na hata ikiwa mbali kidogo, wezi wenye vifaa viwili wanaweza kuirefusha hodi ya gari mpaka ifike sebuleni, na jibu lirudi garini. Mkebe wa chuma wa majani ya chai unatosha kuzuia, mradi kifuniko kinabana. Usiuamini kabla ya kuupima: tia rimoti ndani, funga, usimame nao karibu na mlango wa gari, uvute kishikio. Gari likifunguka, tafuta mkebe mwingine. Tena usiilaze rimoti juu ya televisheni, kompyuta au chaja ya simu. Kelele za mawimbi huko huifanya ikeshe ikisikiliza, na betri iliyopaswa kukaa mwaka au miwili inaisha upesi.

Maji nayo yana kisa chao. Vishikio vingi huhisi kidole kikigusa, na maji mengi ya mpira hulihadaa gari lidhani ni mkono. Pale jirani tunapooshea magari, vijana walikuwa wakisumbuka na Fielder moja inayojifunga na kujifungua yenyewe, mwenyewe ameketi kwenye kibao kando yake, rimoti shingoni. Nilimwomba aende akanywe chai ng'ambo ya barabara. Gari likatulia.

Jambo jingine linalowakwamisha wanandoa: gari likishawaka, halizimi eti kwa sababu rimoti imeondoka. Litalia, litaonyesha picha ya ufunguo, lakini litaendelea kwenda. Mteja mmoja alimshusha mumewe stejini Roysambu, rimoti iko kwenye koti la mume. Akaendesha hadi Juja, akazima apate mafuta, na gari halikuwaka tena. Mume alikuwa ameshaabiri matatu ya Nakuru. Kwa hiyo ukisikia mlio mtu anaposhuka, uliza rimoti iko kwa nani kabla hujang'oa gari. Ukiwa umeshaondoka, usizime injini. Egesha mahali salama, upige simu.

Ukizima gari gia ikiwa N (huru) au D (ya kwenda mbele), kwa Toyota nyingi injini itazima lakini umeme utabaki umewaka, na gari halitakubali kufungwa kwa rimoti. Asubuhi betri kubwa imekufa. P kwanza, kitufe baadaye. Na ikitokea dharura ukiwa mwendoni, kwa mfano pedali ya mafuta imekwama na gari linakimbia lenyewe, kitufe hakizimi kwa mguso mmoja. Kwa Toyota, kishikilie zaidi ya sekunde mbili, au kibonyeze mara tatu upesi upesi. Usukani na breki vitakuwa vizito, kwa hiyo tumia nguvu. Mfundishe hili kila anayeendesha gari lako.

Kama gari lako lilikuja na rimoti moja tu, na mengi huja hivyo, tengeneza ya pili sasa. Kuongeza rimoti ukiwa na moja inayofanya kazi ni rahisi kuliko kuanza upya ukiwa huna hata moja. Ukienda Kirinyaga Road kutafuta iliyotumika, usidanganywe na umbo. Za magari ya Japani huitika kwenye mawimbi ya karibu megahezi 312 hadi 315, za Ulaya nyingi ni 433. Gari lililotoka Japani halitaisikia rimoti ya gari lililotoka Uingereza hata kama zinafanana kama mapacha. Na rimoti nyingi zikishasajiliwa kwa gari moja hazikubali jingine mpaka zifunguliwe kwa vifaa maalum. Lipa baada ya kuona gari linawaka.

Kubadilisha betri unaweza mwenyewe. Namba iliyochapwa juu yake inasema yote: CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR2025 ina unene wa 2.5, CR1632 ina upana wa 16. Zote ni volti 3, ndiyo maana wauzaji huzibadilishana, lakini iliyo nyembamba italegea na rimoti itakuwa inakufa na kufufuka. Nunua namba ile ile. Toa ufunguo wa chuma, funga ncha ya bisibisi bapa kwa kitambaa, ipenyeze kwenye ufa, uizungushe polepole. Kabla ya kutoa ya zamani, tazama alama ya + imeelekea wapi. Shika mpya kwa kingo zake. Ya zamani usiiache mezani: mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili, na hapo ni hospitali moja kwa moja, bila kungoja dalili. Izungushie selotepu kabla ya kuitupa. Kisha bana mfuniko mpaka usikie mlio wa kujifunga, shusha kioo cha dereva, simama nje, ujaribu vitufe vyote kimoja kimoja.